Aliyebaki na Aliyekimbia

(MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI. UPUNGUZE TARATIBU.)

Kama uko hapa Kampala, iwe Nsambya, Katwe, Kabalagala au Masajja, karibu. Kama uko mbali, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, karibu pia. Vuta kiti. Kama una maharage ya kuchambua, endelea kuyachambua huku tukizungumza.

Leo tunagusa swali ambalo wengi wanalo moyoni lakini hawalisemi kanisani. Swali lenyewe ni hili: "Mimi nilikimbia. Kaka yangu alibaki, akauawa. Tulikuwa tukisali pamoja, Mungu mmoja, kanisa moja. Je, mimi nilikosa imani? Na kama Mungu ndiye aliyeniokoa mimi, mbona hakumwokoa yeye?"

Mama, baba, kijana, kama swali hili ni lako, usione haya. Watu wa Uganda, nchi iliyotupokea, waliwahi kuliuliza wao wenyewe. Leo wewe unawaona Waganda kama wenyeji wako. Lakini ulikuwapo wakati ambapo Waganda ndio waliovuka mipaka usiku, wakiwa na watoto mgongoni, kwenda kuomba hifadhi Kenya, Tanzania, Rwanda na Zaire, ambayo leo ni Kongo. Miongoni mwao alikuwamo askofu. Nitakusimulia habari yake na ya mkubwa wake katika kazi, kisha tutazame tunajifunza nini.

(MUZIKI MFUPI.)

Mwaka ni 1977. Uganda inatawaliwa na Idi Amin, aliyetwaa madaraka kwa nguvu ya jeshi Januari 1971. Kwa miaka 6 watu wamekuwa wakichukuliwa majumbani, kazini na barabarani, wakitiwa ndani ya gari, na wengi hawaonekani tena. Mtu akisikia gari limesimama nje usiku, moyo unaruka. Wewe unajua hali hiyo. Sina haja ya kukueleza.

Askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana wakati huo alikuwa Janani Luwum, mtu wa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa amewekwa katika kiti hicho mwaka 1974. Jimbo lake halikuwa la Uganda peke yake. Lilikuwa jimbo la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kwa hiyo wewe unayetoka Ituri, ujue kwamba Waanglikana wa kwenu Boga walikuwa chini ya mchungaji huyo huyo. Habari hii ni yako pia.

Usiku wa kuamkia Februari 5, askari wenye silaha waliingia nyumbani kwa askofu mkuu, kilimani Namirembe. Walidai kwamba ameficha bunduki. Walipekua nyumba nzima, chumba kwa chumba, na hawakupata bunduki. Siku chache baadaye maaskofu wa Uganda walikutana, na tarehe 10 Februari wakaandika barua kwa rais. Katika barua hiyo walilalamikia upekuzi ule, wakalalamikia na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Walisema kwamba bunduki iliyopaswa kumlinda raia wa Uganda sasa inaelekezwa kwake. Fikiri ni barua ya namna gani hiyo, kumwandikia mtu kama yule, katika mwaka kama ule, na kuweka jina lako chini.

Jumatano, Februari 16, viongozi wa dini, mabalozi na wakuu wa serikali waliitwa Nile Mansions, katikati ya Kampala. Ukipita leo karibu na hoteli ya Serena, ndipo hapo. Silaha zilikuwa zimepangwa zionekane na watu wote. Maelezo yalisomwa kwa sauti, yakimtaja askofu mkuu kwamba anashiriki njama za kuipindua serikali. Askari waliokusanywa pale wakaulizwa wawafanye nini wasaliti, nao wakapiga kelele kwamba wauawe.

Karibu na Luwum alikuwa Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi. Luwum alimwambia kwa sauti ya chini kwamba watu hawa watamuua, na kwamba yeye haogopi. Baadaye maaskofu wengine wakaambiwa waende nyumbani. Luwum akaitwa ndani, akaonane na rais. Wenzake walimsubiri nje. Saa zikapita. Mwishowe askari wakawafukuza pale. Hawakumwona tena.

Asubuhi ya pili redio ya serikali ikatangaza kwamba Askofu Mkuu Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakusadiki. Mwili ulipofikishwa kwa ndugu zake Mucwini, waliouona waliona matundu ya risasi.

(KIMYA KIDOGO. KISHA ENDELEA.)

Sasa nataka tumwangalie yule aliyekuwa karibu naye, Festo Kivengere. Yeye aliachwa hai. Alikuwa ametia sahihi barua ile ile. Alikuwa amekaa katika mkutano ule ule. Alirudi nyumbani kwake Kabale akiwa na majonzi, na huko akakuta habari kwamba askari walikuwa wakimtafuta.

Angefanya nini? Alikuwa mchungaji. Mwenzake alikuwa amekufa kwa sababu hakukaa kimya wala hakukimbia. Je, yeye awaache kondoo? Marafiki zake wakamsihi. Walimwambia kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha. Basi usiku ule yeye na mkewe Mera waliondoka. Waliingia garini wakaenda hadi barabara ilipokwisha, kisha wakaanza kupanda milima kwa miguu gizani, wakiongozwa na wenyeji. Ukiijua milima ya Kigezi, unajua mtelemko wake. Festo alikuwa mtu wa miaka karibu 60. Walitembea usiku kucha. Kulipopambazuka walikuwa upande wa Rwanda, na kuanzia saa ile walikuwa wakimbizi.

Msikilizaji, hapo ndipo tunapofika kwenye swali letu. Mmoja alibaki, akafa. Mwingine alikimbia, akaishi. Nani kati yao alikuwa na imani?

Kabla ya kujibu, fungua Biblia yako katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 12. Hapo utawakuta watu wawili wengine. Mfalme Herode amemkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, akamuua kwa upanga. Kisha akamkamata na Petro, akamweka gerezani kati ya askari. Usiku malaika akaja, minyororo ikaanguka, Petro akatoka, mlango wa chuma ukafunguka wenyewe. Sisi hupenda sana kuhubiri habari ya Petro. Tunaimba, tunapiga makofi. Lakini Yakobo anapewa mstari mmoja tu, na wengi wetu tunaupita mbio.

Usiupite. Soma polepole. Yakobo na Petro wote walikuwa mitume. Wote walikuwa pamoja na Yesu mlimani alipogeuka sura, na wote wawili aliwachukua Gethsemane. Luka, aliyeandika kitabu hicho, hasemi popote kwamba Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika. Hasemi kwamba Petro alifunga siku nyingi zaidi. Hasemi kwamba kanisa lilimwombea Petro vizuri, na Yakobo likamwombea vibaya. Ameyaandika mambo hayo mawili jirani, akayaacha hivyo. Mungu alikuwa pamoja na Yakobo chini ya upanga, na alikuwa pamoja na Petro mlangoni.

Na angalia Petro anafanya nini baada ya kutoka. Anakwenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, anawapa ndugu habari, kisha anaondoka kwenda mahali pengine. Petro alikimbia! Malaika hakumtoa gerezani ili akasimame sokoni ashikwe tena. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba wakiteswa katika mji huu, wakimbilie mwingine. Utalikuta neno hilo katika Mathayo 10. Yesu mwenyewe alipokuwa mtoto mchanga alichukuliwa usiku na wazazi wake kwenda Misri, kwa sababu mtawala alitaka kumuua. Paulo alitolewa Dameski usiku akiwa ndani ya kapu, ameshushwa ukutani. Kwa hiyo wewe uliyevuka Bunagana au Mpondwe na mfuko mmoja, katika njia hiyo hukuwa peke yako. Wako waliotangulia.

Basi somo la kwanza ni hili: kukimbia kifo si kumkimbia Mungu. Aliyebaki hakubaki kwa kuwa yeye ndiye mwamini kuliko wewe, na wewe hukutoka kwa kuwa Mungu anakupenda kuliko yeye. Angalia hata nyumba ya Luwum mwenyewe. Yeye alibaki akafa, lakini mjane wake Mary na watoto wao walilazimika kukimbilia Kenya. Nyumba moja, imani moja. Ni nani atakayemwambia mjane yule kwamba kwa kukimbia na watoto amemsaliti mumewe?

(MUZIKI MFUPI.)

Somo la pili linahusu hofu yenyewe. Wengi wetu tumefundishwa kwamba Mkristo haogopi. Mtu akisimulia kwamba mpaka leo akisikia fataki za mwaka mpya anaingia chini ya kitanda, ndugu katika Bwana humjibu: "Kemea hiyo roho!" Naye siku ya pili hasimulii tena. Anaogopa kimya kimya, na juu ya hofu yake sasa ameongezewa aibu.

Ndiyo, Luwum alisema haogopi. Hiyo ilikuwa neema aliyopewa kwa saa ile. Lakini usiichukue neema ya mtu mwingine ukaifanya fimbo ya kujichapa. Fungua Marko sura ya 14, umwone Yesu katika bustani ya Gethsemane. Marko anasema alianza kufadhaika sana na kuhuzunika. Aliwaambia rafiki zake waziwazi kwamba roho yake ina huzuni karibu ya kufa. Aliwaomba wakae naye. Aliomba kikombe kile kimwondokee. Huyu ni Mwana wa Mungu. Kama hofu ingekuwa dhambi, ukurasa huo usingekuwamo katika Injili. Na mwandishi wa Zaburi ya 56 hasemi kwamba yeye haogopi kamwe. Anasema siku ya kuogopa kwake atamtumaini Mungu. Hofu na tumaini vinakaa katika kifua kimoja, siku moja.

Imani ya wale maaskofu ilionekana katika yale waliyoyafanya wakiwa wanaogopa. Waliandika barua. Walikwenda kwenye mkutano. Walimsubiri mwenzao mlangoni mpaka walipofukuzwa. Hebu jitazame na wewe. Usiku ule uliobeba mtoto wa jirani pamoja na wako, mikono yako ilikuwa ikitetemeka, lakini ulimbeba. Hiyo ni imani, dada yangu. Usiidharau kwa sababu ilikuwa ikitetemeka.

Somo la tatu ni la wale wasio na kaburi. Jumapili ya Februari 20, siku 4 baada ya kifo cha Luwum, maelfu ya watu walipanda kilima cha Namirembe kwenda kanisa kuu. Kaburi lilikuwa limechimbwa nje, karibu na kaburi la James Hannington, askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini serikali haikuutoa mwili. Ulikuwa umepelekwa Mucwini, mbali. Kwa hiyo watu walisimama kando ya shimo tupu.

Nadhani wako wengi kati yenu wanaojua uchungu huo. Mzazi hakuzikwa na watoto wake. Mume alichukuliwa, hakuna anayejua alilala wapi. Kwetu, mtu asipozikwa vizuri, msiba hauishi. Unaahirishwa tu.

Siku ile Namirembe, askofu mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha waombolezaji habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka, wakakuta kaburi tupu, wakaulizwa na malaika kwa nini wanamtafuta aliye hai miongoni mwa wafu. Watu walioondoka nyumbani na hofu, wakijua kwamba huenda wapelelezi wako katikati yao, walisimama pale wakaimba.

Sikuambii kwamba wimbo uliondoa uchungu. Ninakuambia kwamba waliomboleza bila mwili, wakaomboleza pamoja, na Mungu akapokea maombolezo yao. Na wewe unaweza. Kusanya wachache mnaomjua marehemu. Taja jina lake. Simulieni alivyokuwa, chakula alichopenda, utani wake, jinsi alivyosali. Someni Zaburi. Lieni. Mungu anajua mahali alipolala, hata kama wewe hupajui.

(MUZIKI MFUPI.)

Somo la nne ni gumu, nami nitalisema kwa upole. Mtu akivuka mpaka, hofu huvuka naye, na chuki nayo huvuka. Kivengere alifika salama. Hakuna tena askari wa kumkamata. Lakini alisimulia baadaye kwamba huko ugenini moyo wake ulianza kuwa mgumu. Uchungu dhidi ya Amin ulikua ndani yake. Akiomba, sala haiendi. Akihubiri, anajisikia mkavu.

Ijumaa Kuu ya mwaka ule, mwezi wa Aprili, alikuwa London, amekaa katika kanisa la All Souls, akitafakari mateso ya Yesu. Alifika pale ambapo Yesu, akiwa msalabani, anawaombea msamaha wale wanaomuua. Ndipo swali likamchoma: kama Idi Amin angekuwa mmoja wa askari wale waliopiga misumari, je, Yesu angemtoa katika sala ile? Alijua jibu. Alitoka mle akiwa amemwachia Mungu mzigo wake. Mwaka huo huo alitoa kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake liliwashangaza wengi, maana yake "Ninampenda Idi Amin".

Ngoja kwanza. Najua kwamba baadhi yenu mmekunja uso. Mama aliyetendwa yale aliyotendwa msituni, leo anaambiwa ampende aliyemtenda? Nisikilize vizuri, maana neno hili limewaumiza wengi kwa sababu ya kuhubiriwa vibaya.

Kivengere hakusema kwamba Amin hakuua. Kitabu chake kinasimulia mauaji yale wazi. Hakusema kwamba watu warudi wakakae chini ya mkono wa muuaji. Yeye mwenyewe hakurudi mpaka Amin alipoondolewa, mwaka 1979. Hakusema kwamba ukweli ufichwe ili kuleta amani. Maaskofu walikuwa wameusema ukweli huo kwa maandishi. Kusamehe hakufuti ushahidi. Kama siku moja utaitwa kusema uliyoyaona mbele ya mahakama, nenda ukaseme yote. Mungu hapendezwi na uongo uliovikwa nguo za msamaha.

Alichokataa Kivengere ni kumruhusu mtu yule aendelee kumtawala kutoka mbali. Amin hakuwahi kufikishwa mahakamani. Aliishi uhamishoni, akafia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Kama Kivengere angesubiri hukumu ndipo apate nafasi ya kupumua, angekufa akisubiri, kwa maana yeye alitangulia kufa, mwaka 1988. Alimwachia Mungu hukumu, akaendelea na kazi.

Na msamaha haupangiwi saa na mtu mwingine. Mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kikundi, tafadhali usimlazimishe mtu asamehe mbele ya watu. Yule alikuwa askofu, tena mhubiri wa miaka mingi, na hata yeye Mungu alishughulika naye taratibu. Kama wewe leo unaweza kuomba hivi tu, "Bwana, siwezi, lakini nisaidie nisiwe kama wao," omba hivyo. Mungu anaisikia.

Somo la mwisho ni fupi. Aliyeachwa hai ana kazi. Kivengere hakukaa ugenini akijiuliza kila siku kwa nini yeye aliishi. Alizunguka nchi nyingi akiwasemea Waganda waliokuwa wanauawa, akitafuta misaada ili vijana wakimbizi wa Uganda waendelee na masomo. Njia ilipofunguka alirudi Kigezi akaendelea na uaskofu wake. Wewe huenda huwezi kuzunguka dunia. Lakini pale Nsambya kuna mtoto wa jirani ambaye hajui kusoma. Kuna bibi aliyefika juzi, hajui aende ofisi gani kujiandikisha, hajui Kiganda wala Kiingereza. Wewe ulifika kabla yake. Mshike mkono umpeleke.

Leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda, siku ya Janani Luwum. Ofisi hufungwa, watu husafiri hadi Mucwini kusali. Na huko London, juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, sanamu yake imesimama tangu 1998 pamoja na za mashahidi wengine wa imani wa karne ya 20. Redio ilisema ajali. Lakini ukweli haukubaki kaburini.

(MUZIKI MFUPI.)

Kabla hatujaagana, neno la matumizi kwa usiku wa leo. Hofu ikikujia ghafla, moyo ukienda mbio, kaa chini. Weka miguu yote miwili sakafuni. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo, mara kadhaa. Tazama chumba chako, utaje vitu vitano unavyoviona: ndoo, kitanda, sufuria, mlango, kandili. Jiambie uko wapi: "Niko Kampala. Ni usiku. Mlango umefungwa." Kisha omba kwa maneno machache. Mungu hahitaji hotuba.

Mtoto wako akikojoa kitandani au akipiga kelele usingizini, usimchape. Mwili wake unakumbuka yale ambayo mdomo hauwezi kusema. Mkumbatie, mwambie yuko nawe.

Na kama hofu haiondoki, kama wiki zinapita hulali, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze hivyo hivyo. Kama huijui lugha yao, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Luka aliyetuandikia habari ya Yakobo na Petro, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Someni Matendo 12:1-17. Ni nini kinachokugusa katika habari ya Yakobo? Na katika ya Petro?

2. Je, umewahi kujilaumu kwa sababu uliokoka na mwingine hakuokoka? Anayetaka kusema aseme. Asiyetaka, asilazimishwe.

3. Kanisani kwetu, mtu anayeogopa tunampokea vipi? Tubadilishe nini?

4. Ni nani aliyefika karibuni mtaani kwetu ambaye kikundi hiki kinaweza kumsaidia wiki hii? Mpangeni siku na atakayekwenda.

SALA

Ee Mungu, wewe ulikuwa na Yakobo na ulikuwa na Petro. Ulikuwa na yule aliyeitwa ndani, na ulikuwa na yule aliyetembea milimani usiku. Wakumbuke wapenzi wetu tuliowaacha njiani, ambao hatukuwazika. Tuondolee lawama isiyo yetu. Utulize mioyo yetu giza linapoingia. Utulinde tusiwe kama waliotutesa. Utupe kazi ya kufanya kesho, na nguvu za kuifanya. Kwa jina la Yesu, Amina.

Karatasi hii usiitupe, mpe jirani aisome. Lala salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA KIPINDI.)